Nasra Bado Yuko Kazini

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, ila kuna mfuniko wa ndoo naufuatilia huko, na ukiitaja nchi ile kwa jina faili lako huhamishwa kutoka dirisha namba mbili kwenda dirisha namba tisa. Dirisha namba tisa halijawahi kufunguliwa. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye watu wapole na mihuri mingi kuliko nchi zote zinazopakana nayo.

Katika nchi hiyo vyoo vimegawanywa kwa haki. Kuna vyoo vya viongozi, ambavyo vina taulo. Kuna vyoo vya watumishi, ambavyo vina ufunguo. Halafu kuna vyoo vya wananchi, ambavyo vina mpango wa maendeleo.

Duka Kuu la Umma, ambako nilikwenda kununua mfuniko wangu, lina choo kimoja cha watumishi. Ufunguo wake umefungiwa kwenye ubao mrefu kama mkono wa mtu mzima, ili usipotee, na ubao huo ulikuwa ukining'inia kwenye msumari juu kabisa ukutani, pembeni ya picha ya Kiongozi wa nchi. Walipanga hivyo makusudi. Anayetaka kujisaidia sharti kwanza amtazame Kiongozi usoni na ajiulize kama kweli kuna ulazima.

Chini ya picha umebandikwa Waraka Namba Saba. Waraka huu ulitokana na mteja mmoja wa zamani aliyeingia chooni mwembamba akatoka mnene, amejizungushia vitenge sita. Wizara ilipopata habari ikaamua kwamba tangu siku hiyo mteja yeyote anayeomba choo ni mshukiwa. Umri haikutaja, kwa hiyo hata mwenye miaka minne yumo. Kifungu cha kwanza kinasema choo cha watumishi ni cha watumishi. Kifungu cha pili, kwa faida ya wasioelewa, kinasema mtumishi ni mtu yeyote ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

Naomba kifungu hicho cha pili msikisahau. Wizara yenyewe ilikisahau.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na nilikuwa wa nne kwenye foleni ya vyombo vya plastiki. Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyekuja kumnunulia binti yake ndoo ndogo ya kupelekea maji chekechea. Binti aliitwa Nasra. Alikuwa mtoto mwenye adabu zake, ametulia kabisa, mpaka alipoanza ile ngoma ambayo kila mzazi anaijua: miguu imepishana, mkono umekamata gauni, macho yametoka.

“Mama, mkojo.”

“Subiri kidogo, mwanangu.”

“Nimeshasubiri.”

Mama Nasra akamsogelea muuzaji. Muuzaji wa plastiki alikuwa Sihaba, mwanamke wa makamo, mtu wa kazi, aliyesimama nyuma ya meza ile kwa miaka kumi na moja na kusomesha watoto wawili kwa kusimama huko.

“Dada, samahani. Mtoto kabanwa. Naomba nimpitishe hapo ndani mara moja tu.”

“Ningependa, mama'ngu,” Sihaba akasema, na akaonyesha ukutani. “Lakini ni cha watumishi.”

“Na kile cha nje?”

“Hakijafunguliwa.”

Hili lilikuwa kweli. Nje ya duka, hatua ishirini kutoka mlangoni, kuna Choo cha Umma cha Kisasa kilichokamilika miaka mitatu nyuma. Kina bati jekundu na kibao cha marumaru. Kilikuwa kikimsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. Utepe ulibadilishwa mara nne kwa sababu jua liliufanya upauke, na askari alikuwa ameajiriwa kuulinda. Askari mwenyewe, akibanwa, alikuwa akienda nyuma ya choo hicho.

Mama Nasra akatazama rafu. Pale palikuwa na poti za watoto arobaini na mbili, za rangi zote.

“Basi nipe poti moja, atumie hapa hapa. Nitainunua.”

“Poti ni bidhaa,” Sihaba akasema, na nilimwona anavyoona haya kusema maneno yale. “Bidhaa haitumiwi dukani kabla risiti haijagongwa muhuri. Na mwenye muhuri kaenda msibani.”

Foleni ikaanza kuchangia. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu, ambaye hata kununua alikuwa hanunui, alisema ukimruhusu mtoto leo, kesho atakuja bibi yake, keshokutwa ukoo mzima na virago vyao. Dada mmoja mwenye beseni kichwani akamuuliza yeye alipokuwa mtoto alikuwa akikojoa kwa kibali cha nani. Mzee akasema enzi zao watoto walikuwa na nidhamu. Kuna aliyesema na usafi je, nani atadeki? Hapo Sihaba akakohoa kidogo, kwa sababu anayedeki choo kile ni yeye, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kelele zikamtoa meneja ofisini. Huyu ni Bwana Kihongole, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni, nyekundu, bluu na ya akiba.

“Kuna nini hapa?”

“Mtoto kabanwa, bwana meneja,” akasema Sihaba.

“Ana barua?”

“Ana miaka minne.”

“Umri sikuuliza. Nimeuliza barua.” Akamgeukia Mama Nasra kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa ofisi. “Mama, andika barua kumwombea mtoto, ipitishe kwa mwenyekiti wa mtaa, iletwe kwangu. Tuna kikao Alhamisi.”

“Leo Jumatatu, baba.”

“Basi kawahi,” Bwana Kihongole akasema, na akarudi ofisini akiwa ameridhika.

Nasra hakupiga kelele. Machozi yalianza kumtoka kimya kimya, midomo ameibana, kama mtu mzima aliyepata habari mbaya mbele za watu. Nasema wazi kwamba roho iliniuma. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo isiyo na mfuniko mkononi, na wazo la ndoo hiyo lilinijia, na nilinyamaza kwa kuogopa kupoteza nafasi yangu kwenye foleni. Sijivunii.

Sihaba aliutazama ule waraka kwa muda. Kisha akavuta daftari la mahudhurio, akalifungua, akaandika. Jina: Nasra. Saa ya kuingia: saa nne na dakika kumi. Sababu ya kuingia: hapa alisita, halafu akaandika “Kikazi”, kama watu wote wa nchi ile wanavyoandika kwenye daftari lolote. Akachukua dole gumba la mtoto, akaligandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Akapanda kigoda, akaushusha ubao wa ufunguo.

“Haya, mtumishi mwenzangu. Twende.”

Dakika tatu baadaye Nasra alitoka akiwa binadamu mwingine kabisa. Amenawa mikono, gauni limeloa mbele kwa maji ya bomba, anatabasamu. Alisema, “Asante, dada,” na kabla mama yake hajamaliza kushukuru, alikuwa ameshafika mlangoni. Wakaondoka. Sehemu ya saa ya kutoka ikabaki tupu.

Jioni Sihaba aliiona ile sehemu. Lakini Waraka Namba Nne unakataza mtumishi kumwandikia mwenzake saa ya kutoka, na adhabu yake ni kufukuzwa. Utaratibu wa nchi ile ni kwamba aliyeingia na hajatoka huhamishiwa ukurasa wa siku inayofuata. Sihaba akamhamishia Nasra Jumanne. Jumanne akamhamishia Jumatano. Ikawa mazoea, na yeye mwenyewe baada ya wiki mbili hakuwa tena akilifikiria jina lile, alilinakili tu, kama tunavyonakili mambo mengi.

Kila mwisho wa mwezi kurasa za daftari hupelekwa Wizarani. Na Wizarani, Aprili ilipofika, walikuwa wakitafuta mfanyakazi bora wa Mei Mosi.

Barua ilifika kwa gari lenye bendera. Bwana Kihongole aliisoma akiwa amesimama. Ilisema kwamba baada ya uchambuzi wa kina wa watumishi wote wa maduka yote, Wizara imemwona Ndugu Nasra wa Duka Kuu, ambaye amekaa kituoni mfululizo kwa siku themanini na saba, usiku na mchana, bila kuchelewa, bila likizo, bila kuugua na bila kulalamika. Aidha, hajawahi kujibizana na msimamizi wake. Mheshimiwa Waziri atakuja mwenyewe kumkabidhi cheti na baiskeli, na siku hiyo hiyo atafungua Choo cha Umma cha Kisasa.

Bwana Kihongole alifurahi mpaka akabadilisha kalamu. Kisha akauliza Nasra ni yupi kati ya wafanyakazi wake. Sihaba akamweleza.

Meneja alikaa chini. Alikunywa maji. Akasema, “Tuwaandikie Wizara kwamba wamekosea?”

Wazo hilo wakaliacha, kwa sababu Wizara ile haijakosea tangu ilipoanzishwa, na waliowahi kuiandikia hivyo sasa wanahesabu mbuzi kwenye mikoa ya mbali.

“Basi sikiliza, Sihaba,” Bwana Kihongole akasema. “Siku ya Mei Mosi, ama mtumishi Nasra atasimama jukwaani, ama wewe utasimama nje ya geti.”

Sihaba alimkuta Mama Nasra uani kwake, anachambua mchele. Alimweleza yote bila kuficha, na alipofika kwenye baiskeli, yule mama alicheka mpaka mchele ukamwagika. Walipokuwa wakiokota punje pamoja, aliacha kucheka.

“Kwa hiyo asipokuja, wewe kazi huna?”

“Sina.”

“Na wanao?”

Sihaba aliendelea kuokota mchele.

“Nitamleta,” Mama Nasra akasema. “Wewe ulimsitiri mwanangu. Lakini hotuba za wakubwa nazijua, dada yangu. Akibanwa huko?”

“Nitampeleka.”

“Mbele ya Waziri?”

“Nimesema nitampeleka,” Sihaba akasema, na sauti ilikuwa ya mtu ambaye anaogopa lakini ameshachoka kuogopa.

Mei Mosi ilifika na jua lake, na jukwaa likasimamishwa kwenye uwanja wa mbele ya duka. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu, kwa hiyo alifika saa saba. Huyu alikuwa Mheshimiwa Ngwatu, Waziri wa Maduka, Mizani na Nidhamu ya Umma, mtu mnene mwenye sauti nzuri. Alichelewa kwa sababu njema: alikuwa ametoka kuzindua kiwanda cha juisi, ambako aliionja kila juisi, glasi nzima nzima, kwa niaba ya wananchi.

Alianza kwa itifaki. Aliwataja wakubwa waliokuwepo, wakubwa waliotuma wawakilishi, na wakubwa ambao wangetuma wawakilishi kama wasingesahau. Dakika ishirini zikapita. Ndipo akaingia kwenye hotuba.

“Ndugu wananchi,” alisema, “taifa hujengwa na watu wanaojua kujizuia. Tulijizuia wakati wa njaa. Tulijizuia wakati sukari ilipoadimika. Mwananchi anayeshindwa kujizuia ni adui wa maendeleo, na mzazi anayeshindwa kumzuia mtoto wake analea adui. Mimi mwenyewe nilipoweka sahihi kwenye Waraka Namba Saba...”

Hapo alinyamaza kidogo. Tulidhani anasubiri makofi, tukapiga. Nilikuwa safu ya pili, nimekuja kuulizia mfuniko, na niliona alivyohamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto.

Aliruka kurasa tano. Akamwita mfanyakazi bora.

Sihaba alipanda jukwaani amemshika Nasra mkono. Mheshimiwa aliangalia nyuma ya Sihaba kuona kama kuna mtu mwingine anayekuja, hakuna. Lakini yeye ni mkongwe wa siasa na kamera zilikuwa zinawaka, akainama, akamvisha mtoto shada, akamshikisha mpini wa baiskeli iliyomzidi kimo.

“Waambie wananchi, ndugu mfanyakazi. Siri ya mafanikio yako ni nini?”

Nasra akafikiri. “Nilibanwa,” akasema kwenye kipaza sauti. “Dada akaniandika.”

Watu wakapiga makofi, kwa mazoea. Mheshimiwa hakupiga. Miguu yake ilikuwa imepishana, na mkono mmoja umekamata koti. Akamnong'oneza msaidizi wake, na msaidizi akatangaza kwamba kutokana na majukumu mengine ya kitaifa, tunakwenda moja kwa moja kwenye kipengele cha kumi na nne, ufunguzi wa choo.

Sijawahi kuona utepe unakatwa kwa haraka vile. Mkasi ulichelewa, akatumia mkono. Mlango ukafunguliwa, akaingia, wasaidizi wakaufunga, bendi ikapiga. Kisha mlango ukafunguliwa tena na Mheshimiwa akatoka nje, uso umebadilika rangi.

“Shimo liko wapi?”

Mkandarasi akasogea na mchoro. “Shimo liko awamu ya pili, mheshimiwa.”

Ndani mlikuwa na vigae vyeupe, kioo na kibao chenye jina la Waziri. Kazi ilikuwa nzuri, hilo lazima niliseme.

Msafara mzima ukageuka kuelekea Duka Kuu: Waziri mbele kwa hatua fupi fupi, wasaidizi, waandishi, bendi ambayo hakuna aliyeiambia inyamaze. Mlangoni mwa ndani, Bwana Kihongole alikuwa amesimama katikati ya njia.

“Mheshimiwa, kuna waraka.”

“Naujua waraka. Nimeuwekea sahihi mwenyewe.”

“Ndiyo maana naogopa, mheshimiwa.”

Msaidizi mmoja akapendekeza kikao cha dharura. Mwingine akasema Waziri hawezi kuandikwa mtumishi wa duka, katiba hairuhusu vyeo viwili. Wa tatu akataka kupiga simu Makao Makuu. Mheshimiwa hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa anamtazama Kiongozi ukutani, na jasho linamtiririka.

Nasra alikuwa amewafuata akiliburuta shada lake. Alimtazama Waziri kuanzia miguuni mpaka usoni, kama fundi anayeijua kazi yake.

“Huyu kabanwa,” akasema. “Dada, mwandike.”

Hapo ndipo nilipomwonea Sihaba huruma. Kulifungua daftari lile mbele ya kamera ilikuwa ni kuonyesha kila kitu: jina la Nasra, dole gumba, siku baada ya siku kwa mwandiko wake mwenyewe. Angeweza kusema amelisahau nyumbani. Bwana Kihongole alikuwa akimkonyeza aseme hivyo hasa. Sihaba alilivuta daftari, akalifungua, akashika kalamu.

“Jina, mheshimiwa?”

“Ngwatu.”

“Umekuja kwa sababu gani?”

“Kikazi,” Mheshimiwa akasema, meno yamebana.

Hakuwa na uwezo wa kushika kalamu, akaweka dole gumba. Sihaba akapanda kigoda, akashusha ubao. Mheshimiwa akapotelea ndani, na Nasra akasimama mlangoni ameukumbatia ubao uliokaribia kumzidi urefu. Msaidizi alipojaribu kusogea, mtoto alimzuia kwa mkono.

“Kuna mtu.”

Bendi yenyewe ikanyamaza. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, maana juisi ilikuwa nyingi. Mlango ulipofunguliwa, Mheshimiwa alikuwa na sura ya amani ambayo sijaiona kwenye bango lake lolote la uchaguzi.

“Umenawa mikono?” Nasra akamuuliza.

Mheshimiwa alirudi ndani, akanawa.

Alipotoka mara ya pili alilishika daftari na kulisoma, ukurasa kwa ukurasa. Alisoma polepole.

“Nani alimwandika huyu mtoto?”

Bwana Kihongole alikuwa anachunguza dari.

“Ni mimi, mheshimiwa,” akasema Sihaba.

“Kwa nini?”

“Alikuwa amebanwa.”

Mheshimiwa akalitazama dole gumba lake. Wino wa bluu haukutoka kwa maji.

“Alikuwa amebanwa sana?”

“Kama wewe, mheshimiwa.”

Wasaidizi wakashika vichwa. Tulisubiri hotuba. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake mrefu, Mheshimiwa Ngwatu hakutoa hotuba. Alisema tu, “Basi sawa,” akamfungia Sihaba daftari taratibu, akaingia kwenye gari na kuondoka bila kujaza saa ya kutoka.

Baada ya hapo Wizara iliunda tume ya kuchunguza kama maduka yaruhusu watoto wadogo wa wateja kutumia vyoo vya watumishi. Tume imeshatembelea nchi sita na inaendelea kukusanya maoni. Waraka Namba Saba bado uko ukutani. Awamu ya pili bado inakuja, na askari sasa analinda kioo.

Sihaba hakufukuzwa, kwa sababu kumfukuza kungehitaji barua inayoeleza Waziri alifanya nini siku ile, na hakuna aliyetaka kuiandika. Anauza plastiki kama kawaida. Mtoto akibanwa, anaandikwa, anagandamizwa dole gumba, na siku hizi Sihaba anampandisha kigoda mtoto mwenyewe ajaze saa ya kutoka, hata kwa mstari mmoja uliopinda. Wanaobaki daftarini bila kutoka ni wawili tu, Nasra na Mheshimiwa. Baraza la mawaziri lilipobadilishwa na watu wakaulizana Ngwatu kapelekwa wapi, duka peke yake ndilo lililokuwa na jibu la maandishi.

Mfuniko wangu sijaupata. Juzi nilipita tena kuulizia, nikaona ukuta umebadilika kidogo. Kiongozi yuko pale pale juu. Lakini ule msumari wa ufunguo umeng'olewa, tundu lake limezibwa kwa sabuni, na umepigiliwa upya chini kabisa, usawa wa kiuno changu. Hakuna waraka ulioagiza hivyo. Nilipomuuliza Sihaba nani kaushusha, alisema hajui, na akaendelea kufuta ndoo.

Nikiwa bado nimesimama pale, Bwana Kihongole alitoka ofisini kwa haraka haraka. Alifika kwenye msumari, akatazama kushoto na kulia, kisha akainama kuchukua ufunguo.